Haki ya Mgeni

Liwali mmoja mpenda kula alitunga sheria kwamba yeye ni mgeni wa kila nyumba, na atakayemnyima mgeni haki yake atafungwa. Akaanzia kwa Bi Mwanashuru, mkulima wa muhogo.

“Haki zote za mgeni, Bwana Liwali?”

“Zote, ya kwanza hadi ya mwisho.”

“Basi yaandike hayo, uyapige muhuri.”

Liwali akapiga muhuri, akala kuku, akalala. Siku ya pili akala pweza, akakoroma. Siku ya tatu alfajiri, Bi Mwanashuru akamwamsha na kumkabidhi jembe, majirani wamejaa uani.

“La nini hili?”

“Mgeni siku mbili, Bwana, ya tatu mpe jembe. Nikikunyima, nitafungwa.”

Sheria ilifutwa jioni, muhogo wote umeshapaliliwa.