Kimbunga Tatu na Jina la Mtoto wa Siwema

Jongeeni, jongeeni. Mwenye kanga ajifunge vizuri na mwenye kofia aishike, maana hadithi ya leo ina upepo. Nitaisimulia yote, ila mwisho wake nitawaachia ninyi.

Palikuwa na kijiji kikiitwa Kichangani, pwani ya kusini, mahali ambapo bahari na nyumba ni majirani wa kuazimana chumvi. Hapo aliishi Siwema, mke wa Mfaume, mwanamke mcheshi mwenye mimba ya kwanza ya miezi tisa. Siwema alikuwa na majirani watatu, wote wanawake, na kila mmoja Mungu alimjalia kipaji chake.

Wa kwanza ni Mwalimu Tunu. Kipaji chake kilikuwa kusema kweli, hazidishi wala hapunguzi. Ukimuuliza saa, atakutajia na dakika. Ukimpikia wali ukamuuliza umeivaje, jiandae kusikia. Nyuma ya shule alikuwa na kipima mvua, na kila asubuhi aliandika daftarini kiasi cha mvua iliyonyesha, hata kama ni sifuri.

Wa pili ni Bi Asumini, mkaanga vitumbua. Kipaji chake kilikuwa kutia chumvi. Panya akipita jikoni kwake, habari ikifika kisimani ni paka, ikifika sokoni ni chui, na chui mwenyewe ana watoto. Watu walijua anaongeza, lakini hakuna aliyeweza kuondoka kabla hajamaliza.

Wa tatu ni Bi Kidawa, msuka kamba za makumbi ya nazi. Kipaji chake kilikuwa ubishi. Ukimwambia jua limechomoza, atatoka nje akahakikishe. Hata kamba aliyoisuka mwenyewe hakuiamini mpaka ameikanyaga na kuivuta kwa mikono miwili, ndiyo maana kamba za Bi Kidawa zilikuwa hazikatiki.

Sasa basi. Alhamisi asubuhi redio ikatangaza: "Kimbunga Tatu kinaelekea pwani ya kusini. Wakazi wa sehemu za chini mnashauriwa kuhamia sehemu za juu."

Kichangani nzima ikaangua kicheko.

"Tatu?" akauliza Mfaume, mikono kiunoni. "Cha kwanza kiko wapi? Cha pili kimepita saa ngapi? Watu wa hali ya hewa siku hizi wanaanza kuhesabu katikati! Mimi nitahama nikiona cha kwanza."

Mwalimu Tunu akapita nyumba hadi nyumba na daftari lake, akieleza kwamba vimbunga hupewa majina ya watu, na Tatu ni jina la mtu kama Tatu wengine wote.

"Tatu ni shangazi yangu," akasema Mfaume. "Yuko Lindi, anaumwa magoti. Atafikaje?"

Msiwacheke sana watu wa Kichangani. Walikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia walitangaziwa kimbunga, wakapanda kilimani, wakakaa siku tatu kwenye sakafu ya shule, na kilichokuja ni manyunyu ya kulowesha kuku. Waliporudi, nyani walikuwa wamemaliza mahindi. Tangu hapo, kila utabiri waliuona ni porojo za kutisha watu.

"Mwalimu," akasema Siwema, akijishika kiuno, "wewe niambie. Kinakuja au hakiji?"

"Kama kitashika njia yake, kitafika Jumamosi kati ya saa nane na saa kumi mchana. Bahari itaingia mpaka kisimani. Mahali pa juu palipo karibu ni shuleni. Lakini Siwema, sikufichi. Katika mara kumi, mara sita kitapiga hapa. Mara nne kinaweza kugeuka."

"Umesikia?" Mfaume akapiga makofi. "Kinaweza kugeuka! Basi tukingoje kigeuke."

Siwema alimwamini Mwalimu, na aliogopa. Miguu yake ilikuwa imevimba, kilima kilikuwa kirefu, na alijua kwamba uchungu ukimkuta huku chini upepo umeshaanza, hakuna atakayembeba. Lakini atapandaje peke yake, mume hataki na kijiji kinacheka?

Ijumaa mchana Siwema alimkuta Mwalimu Tunu ameketi kwenye kibao karibu na karai la Bi Asumini, machozi yanamlengalenga. "Nimewaambia kweli yote," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyefunga mzigo."

Bi Asumini akageuza vitumbua vyake. "Umewapa kweli tupu, mwanangu. Kweli tupu nani anaila? Hata kitumbua kina hamira na sukari. Hebu nipe hiyo habari yako mimi."

"Usiongeze kitu, Bi Asumini. Nakuomba."

"Niongeze nini mimi? Siwema, shika mwiko."

Akajitanda kanga, akatoka. Ilikuwa ndiyo saa watu wanatoka msikitini.

"Jamani, mmesikia ya huko Kimbunga Tatu kilikopita?" alianza, kwa sauti ya chini ili watu wasogee. "Kimenyanyua kitanda, juu yake bibi harusi, ndiyo kwanza ana siku mbili ndani. Kitanda kimeshuka Msumbiji. Bibi harusi bado anatafutwa! Mawimbi yanafika kwenye vishada vya nazi. Samaki wanaokotwa juu ya mapaa, na papa hawaulizi huyu ni nani!"

"Papa?" akauliza mmoja.

"Papa! Na anayedhani nasema uongo abaki, kesho atamweleza papa mwenyewe."

Kufikia alasiri njia ya kilimani ilikuwa imejaa magodoro, masufuria, mbuzi, na bwana mmoja aliyejitwisha mlango wa nyumba yake. Mfaume naye alikuwamo, akisukuma baiskeli, Siwema amekaa nyuma. "Mimi si mwoga," alikuwa akimwambia kila aliyempita. "Namsindikiza mke wangu tu." Siwema alicheka mpaka tumbo likamuuma, akamwomba Mungu usiwe ule uchungu wenyewe.

Bi Kidawa alifika Jumamosi asubuhi, wa mwisho kabisa, na punda aliyebeba magunia ya kamba zake zote za mwaka mzima. Hakuja kwa kuamini kimbunga. Alisema ameona kijiji kimebaki kitupu, na yeye hajawahi kuuamini ulinzi wa kijiji kitupu.

Wenzake walimpisha mkekani. Hakukaa. Aliinua macho juu.

"Na hili paa, nani kalipima?"

"Bi Kidawa, pumzika," akasema Mwalimu Tunu. "Jengo la shule ni imara."

"Nani kasema?"

Mwalimu, kwa kuwa hakujua kudanganya, alipekua daftari lake lote. Kweli hajui nani alisema. Bi Kidawa akaagiza ngazi, akapanda mwenyewe na umri wake ule, akaushika msumari wa kwanza kwa vidole viwili. Ukatoka. Akaushika wa pili. Ukatoka na kutu yake.

"Mmekimbia nyumba za makuti mje mkatwe vichwa na mabati!" alifoka kutoka juu. "Mfaume! Wewe usiyeogopa, panda huku!"

Watu wakafanya kazi ambayo haijawahi kuonekana Kichangani. Kamba zilirushwa juu ya paa upande huu, zikapokelewa upande ule, zikafungwa kwenye mikorosho iliyozunguka shule. Kila fundo Bi Kidawa alilivuta mwenyewe, na zaidi ya nusu alisema yafunguliwe yafungwe upya. Walimlaani kimoyomoyo. Saa nane kasorobo akakubali kuingia ndani, shingo upande.

Saa tisa Tatu akaingia.

Wasimulizi wengine wangewapeni upepo huo kwa saa nzima. Mimi nitasema tu kwamba paa lilinyanyuka, watu wote wakaona mwanga kati ya ukuta na bati, kamba zikalia, na paa likashuka mahali pake. Likanyanyuka tena, likashuka tena. Ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu, juu ya magodoro manne, Siwema alikuwa ameshika mkono wa mkunga, na uchungu wake ukapanda na kushuka pamoja na lile paa. Upepo ulipotulia jioni, sauti iliyosikika ilikuwa ya mtoto wa kike, na alilia kwa nguvu kuliko kimbunga kilichopita.

Vigelegele vilivyopigwa hapo, acha!

Waliposhuka walikuta bahari imefika kisimani, kama Mwalimu alivyosema. Nyumba thelathini zimelala chini. Kitanda cha Siwema kilikutwa juu ya mpera wa jirani, na Bi Asumini alikizunguka mara tatu akisema, "Sikuwaambia kitanda?" Lakini watu walihesabiwa, wakahesabiwa tena kwa sababu Bi Kidawa hakuridhika, na hakupungua hata mmoja. Walilia, kisha wakacheka, kisha wakaanza kukata makuti.

Sasa sikieni tatizo. Kichangani wana mila yao: mtoto hupewa jina siku ya saba, anaponyolewa, na akipewa jina la mtu aliye hai, huyo huwa somo yake. Na wanasema mtoto hufuata somo. Akipewa jina la mkarimu, atakuwa mkarimu. Akipewa la mvivu, ole wenu. Siwema aliapa mbele ya wote kwamba mwanawe ataitwa kwa jina la aliyewaokoa.

Siku ya saba mbuzi akachinjwa, pilau likapikwa, ngoma ikapigwa kati ya nyumba zisizo na mapaa. Wakaja wanawake watatu, kila mmoja na kanga mpya ya kumfunika mtoto. Kanga ya Mwalimu Tunu iliandikwa: KWELI HAINA MAPAMBO. Ya Bi Asumini: NIMESEMA SANA MMEPONA. Ya Bi Kidawa: NITAAMINI NIKIONA.

"Bila mimi msingejua siku wala saa, wala pa kukimbilia," alisema Mwalimu Tunu. "Na huyu Bi Asumini kawatisha kwa papa. Hakuna aliyeona papa. Mwakani nikisema kimbunga kinakuja, nani ataniamini?"

"Kweli yako ilikuwa imelala fofofo, mimi nikaiamsha," alijibu Bi Asumini. "Ningesema mara sita katika kumi, leo tungekuwa matangani. Siwema, ulipanda baiskeli kwa sababu ya nani?"

"Na nyote wawili mliwapeleka wapi?" Bi Kidawa akauliza. "Chini ya bati bovu. Mmoja aliamini redio, mmoja aliamini mdomo wake. Mimi sikuamini kitu, ndiyo maana mnakula pilau."

"Tumwite Tatu, yaishe," Mfaume akasema.

"Jina la aliyetaka kumuua?" wanawake wote wakamgeukia, naye akaenda kuangalia pilau.

Mwalimu wa chuo cha Kurani akashika wembe. Maji yalikuwa tayari kwenye bakuli. "Jina?" aliuliza.

Siwema akamtazama binti yake. Alifurahi, na furaha hiyo hiyo ilimtia hofu. Aliwaza kwamba siku moja yeye atakuwa bibi kizee asiyesikia vizuri, na upepo mwingine utakuwa njiani, na mtoto huyu ndiye atakayesimama mlangoni kumwambia aondoke. Angependa amwambie kwa namna gani? Akiambiwa kweli tupu, ataondoka? Akiambiwa uongo wa kumfaa, atasamehe? Na akiwa na binti wa kubisha kila kitu, si watabishana mpaka maji yafike magotini?

Aliwatazama somo watatu. Akafungua kinywa.

Haya, ninyi mlioketi hapa, wakubwa kwa wadogo: Tunu, Asumini au Kidawa? Semeni, kila mtu na sababu yake, na msiige jibu la jirani. Wembe uko mkononi, na mtoto ameanza kulia.