Kiti cha Heshima cha Bwana Ombeni

Hii nimeletewa nikiwa nakunywa chai, na chai yenyewe ikanishinda. Usiipitie juu juu. Isome mpaka mwisho, ndipo uitume mbele.

Katika mji mmoja mdogo wa milimani kulikuwa na mama ambaye watu wote walimwita Mama Anaeli, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Jina lake la kuzaliwa hata yeye alikuwa halisikii tena, isipokuwa siku za kliniki. Mumewe, Mzee Mshana, alikuwa fundi wa kuezeka. Siku moja aliteleza juu ya paa la watu, akaanguka, akaumia uti wa mgongo. Tangu hapo akawa mtu wa kitandani, na mkojo wake ukawa unatoka kwa mpira.

Sasa, mpira ule si kitu cha kuwekwa mara moja ukasahau. Lazima ubadilishwe kwa wakati wake. Ukipitiliza unaziba, na ukiziba, homa inayompanda mgonjwa inaweza kumwondoa duniani. Nesi aliyekuwa akija kumhudumia nyumbani alimwambia mama wa watu wazi.

"Mama Anaeli, huu niliomwekea leo ndio wa mwisho, na hospitalini kwetu imekwisha. Nimekuagizia boksi zima kutoka jijini, na namba yako nimewapa. Litafikia kwa wakala wa mizigo pale stendi. Lifuate mapema."

Akalifuata mapema. Na wakala mwenyewe ndiye huyo Bwana Ombeni.

Bwana Ombeni alisifika mji mzima kwa adabu. Hajawahi kupandisha sauti. Salamu zake unazisikia kabla hujavuka kizingiti.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, baba. Nimefuata mzigo wa mgonjwa wangu. Mimi ni Mama Anaeli."

"Loo, pole sana na kuuguza, mama. Mzigo uko njiani."

Alisema hivyo bila hata kugeuza shingo kutazama nyuma yake. Lakini alivyosema kwa upole! Mama Anaeli akashukuru, akaondoka.

Aliporudi mara ya pili, Bwana Ombeni alimpokea kwa furaha. "Karibu mama, leo nimekuandalia kiti. Mama mtu mzima kama wewe hawezi kusimama dukani kwangu." Pembeni ya kaunta kulikuwa na boksi kubwa gumu, limetandikwa kitambaa cha kudarizi. Mama Anaeli akakaa, miguu ikapumua, akamwombea Bwana Ombeni baraka tele.

"Na mzigo je?"

"Uko njiani, mama."

Akawapigia wa jijini. Wakamjibu, "Tulishatuma, mama. Muulize wakala." Akarudi kwa wakala. Safari hii hakukalishwa tu, aliletewa na chai ya tangawizi.

"Wanasema walishatuma, baba."

"Ndiyo, mama. Na ukishatumwa, si ndiyo uko njiani?" Akacheka taratibu, akamwongezea sukari.

Hebu niambie, mtu kama huyo unamgombeza vipi? Angekuwa mjeuri, ungepata pa kumshika. Huyu shikamoo anatoa, pole anatoa, kiti anatoa, chai anatoa. Kitu kimoja tu hatoi, nacho ndicho ulichokifuata! Mama Anaeli akawa anakwenda na kurudi, kila mara anakalishwa, kila mara anarudi nyumbani na chai tumboni na mikono mitupu.

Huko nyumbani Mzee Mshana alianza kubadilika. Mkojo ulikuwa mchafu, halafu ukapungua. Yeye aliyekuwa akimtania mkewe kutwa nzima akawa kimya, ameuma meno. Asubuhi moja Mama Anaeli alimkuta anatetemeka na mwili unachoma. Akamwita nesi mbio.

Nesi alipomwangalia tu, uso ukambadilika. "Mpira umeziba. Lazima utoke sasa hivi niweke mwingine. Mipira iko wapi?"

"Iko njiani," akajibu Mama Anaeli.

Neno lile, kulisikia likitoka kinywani mwake mwenyewe, lilimtia uchungu kuliko alipokuwa akiambiwa. Akajifunga kanga kiunoni, akatoka bila kuaga.

"Shikamoo mama!"

Hakuitikia. Wateja wote waligeuka, maana si kawaida mtu mzima kuiacha shikamoo bila jibu.

"Karibu kiti, mama, upumzike kwanza..."

"Sikai! Nimekaa vya kutosha! Mume wangu anakufa kule, wewe unanikaribisha kiti? Kiti chako mimi cha nini?"

Akakinyakua kile kitambaa cha kudarizi, akakitupa juu ya kaunta.

Juu ya boksi kulikuwa na maandishi makubwa ya kalamu nene: NAKIETE MSHANA. Chini yake, kwa wino mwekundu: VIFAA VYA MGONJWA, HARAKA. Na chini yake, namba ya simu.

"Soma," akasema Mama Anaeli.

"Nakiete Mshana," Bwana Ombeni akasoma.

"Ndiye mimi."

"Wewe, mama? Mimi nakujua kama Mama Anaeli... Boksi lilikuja, mwenyewe sikumjua, nikasema atakuja kuuliza. Nikaona wewe unasumbuka kusimama..."

"Nimeuliza mpaka nimechoka! Na namba hiyo ni yangu. Ulipiga?"

Hakupiga. "Nilikuheshimu, mama," akasema. "Niliona si adabu kumhoji mtu mzima jina lake."

"Heshima gani hiyo? Umenikalisha juu ya uhai wa mume wangu, ukaninywesha chai!"

Watu wakataka kumsaidia kubeba, akakataa. Alijitwika boksi lake mwenyewe, akaenda nalo nusu anakimbia.

Nesi alibadilisha mpira palepale, na Mzee Mshana akapelekwa hospitali. Hakufa, Mungu mkubwa. Lakini homa ile ilimla. Zamani aliweza kuegemezwa mto akakaa, akala kwa mkono wake. Sasa analishwa. Hizo ndizo nguvu zilizopotea wakati mzigo "uko njiani," hatua mbili kutoka kwenye kaunta.

Baadaye Bwana Ombeni alikwenda kuwatazama, amebeba matunda, uso chini.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuomba radhi."

Barazani palikuwa na kiti kitupu. Mama Anaeli hakumkaribisha.

"Rudi dukani," akamwambia. "Kuna mtu amesimama pale anakusubiri. Muulize jina lake."

Funzo: Heshima ya mdomoni isiyoinuka kwenda kutafuta ni dharau tu, hata ikitandikwa kitambaa kizuri. Ukiwa na kazi ya kuhudumia watu, uliza jina, geuka, tazama nyuma yako. Na wewe unayesubiri kitu cha mgonjwa wako, ukiona unakaribishwa kiti kila siku, simama, uinue hicho kiti uone kuna nini.