Upande wa Pili wa Kaseti

Wahenga hawakupata kuvaa hedifoni. Hata hivyo, waliposema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ni kana kwamba walimwona Maryan wa Isiolo akizitafuta mwaka ule wa 1983. Kitu bora hutulia mahali pake kikangoja. Kinachokufuata njiani kwa makelele, kichunguze mara mbili.

Ahmednur, mumewe Maryan, alikuwa kazini Jeddah, na barua zake alizisema badala ya kuziandika. Kaseti ikifika, nyumba nzima iliketi mkekani kuizunguka redio, mama mkwe Raho akiwa karibu kuliko wote. Safari hii upande wa kwanza ulimalizikia hivi: "Upande wa pili ni wa Maryan peke yake."

"Peke yake, katika nyumba hii?" wifi yake Habibo akaangua kicheko. "Labda ajifungie ndani ya gunia!"

"Ni amana ya mtu," Raho akakata. "Lakini Alhamisi lori linakwenda Garbatulla, na kaseti itaondoka nalo. Shangazi za Ahmednur nao wana masikio."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Maryan alitoka kutafuta hedifoni, akielea kama unyoya, masikioni akiisikia sauti ya mumewe, nzito na ya taratibu, kama maji yanayomiminwa mtungini. Mji mzima ulionekana umefunikwa shashi, na vumbi lenyewe liling'aa.

Mchuuzi Guleid akamkatiza ndoto. Shingoni alijivika hedifoni nyekundu, zenye kumetameta kama tausi. "Dada Maryan! Mali ya Dubai! Ukivaa hizi, hata muadhini humsikii!"

"Astaghfirullahi! Nami nataka kumsikia," Maryan alicheka, akapita. Guleid akamfuata hadi mlangoni kwa fundi wa redio, Mzee Elmi.

Humo, kwenye msumari, zilining'inia hedifoni nyeusi, zimefifia kama kitako cha sufuria.

"Hizo zikoje, adeer?" Maryan aliuliza, akimwita kama amwitavyo baba mdogo.

"Lete redio kwanza. Hedifoni huchaguliwa na mashine, si macho."

"Nikipita sokoni na redio, mji wote utajua nina kaseti!"

"Basi ujue," Elmi alisema, akarudia kazi yake.

Maryan aliona mzee ana kiburi. Alinunua zile nyekundu.

Jumatano, baada ya sala ya adhuhuri, nyumba ikisinzia kwa joto, aliingia chumbani, akarudishia mlango, akazivaa. Sauti ikamjia. Mabati yakayeyuka, kuta zikasogea, akajiona akitembea ubavuni mwa mumewe mahali pasipo na watu. "Maryan, hapa nalala juu ya paa. Upepo ukipita, nadhani ni wewe umepita na mtandio wako... Sasa nikwambie siri."

Akafumbua macho kwa raha. Mlango ulikuwa wazi, na vichwa vinne vimejaa pale! Pini ya hedifoni ilikuwa fupi, haikufika mwisho wa tundu. Spika ilikuwa ikitangaza muda wote. Akaizima redio kwa ngumi.

"Endelea, binti yangu," Raho alisema, mkono shavuni. "Tulikuwa tumefika kwenye siri."

Maryan aliifunga redio kwa shuka, akaitwika kichwani, akapita katikati ya soko mchana kweupe. "Maryan, kasemaje?" wauza maziwa waliuliza. Hakugeuka.

Elmi hakumsuta. Alichomeka pini ya zile nyeusi, tak! Spika ikanyamaza kama kisima kilichofunikwa. Maryan akaketi kati ya redio mbovu, akafumba macho.

"Usimwambie mama. Nimepata ruhusa. Iddi nitakuwa nyumbani, nataka nione uso wake nikibisha hodi."

Alisikiliza mara tatu, machozi yakimtiririka. Kisha akakumbuka lori la kesho. Akabonyeza kitufe chekundu, akairekodi sauti yake juu ya ile ya mumewe: "Shangazi zangu, salaam aleikum. Sisi huku hatujambo..." Maneno yale matamu yakafutika ulimwenguni, yakabaki masikioni mwake tu.

"Amesema siri gani?" Raho alimvamia mlangoni.

"Amesema anakupenda, hooyo, mama yangu."

Raho akaguna, lakini usiku huo alitabasamu usingizini. Siri ilikuwa salama, nayo ililindwa na kitu ambacho hakuna aliyekinadi. Naam, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.