Fuvu la Babu yake Fisi

Wewe, babu yako aliliwa na nani?

Hujui. Basi keti. Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Palikuwa na kiu!

Palikuwa na korongo kavu lenye dimbwi moja, na sheria ya dimbwi: mwenye mfupa wa babu yake pale ndiye mwenye maji, lakini anayeua pale hanywi tena. Fisi akafukua fuvu la kale lililogeuka jiwe. Akalikumbatia, akalia, uuu-wii! "Babu yangu!" Tangu hapo kila mnyama akanywa kwa ruhusa yake.

Mama Pimbi akamtuma mwanawe Kokoto maji. Hakurudi. Mama akamfuata, akakuta taya lake topeni, limepasuka.

"Pole, mama," Fisi akasema. "Chui huyo. Umebakiwa na Changarawe, siyo? Mlete anywe, nitamlinda mwenyewe."

Nyumbani Changarawe alikuwa amekauka ulimi. Pale pale dimbwini Pimbi akameza chozi, akaliinua fuvu mbele ya wanyama wote waliokuja kunywa.

"Bwana Mkubwa, mbona tundu la shingo liko chini, si nyuma? Huyu alitembea wima, kwa miguu miwili."

"Babu alikuwa msomi."

"Na magego haya bapa? Yalisaga mizizi."

"Babu alikuwa na tumbo baya."

"Na haya matundu ya meno kisogoni? Nani alimng'ata babu yako?"

Pimbi akaweka taya la mwanawe kando ya fuvu.

"Wangu naye kang'atwa vivyo hivyo. Kweli Chui ana meno! Sisi watu wa mawe mifupa yetu migumu. Nyie wengine mnaokota makombo tu."

Manyoya ya Fisi yakasimama. "Chui? Chui hulamba nyama akaacha mfupa!"

"Chui, bwana. Mwingine hawezi."

"Mfupa gani unanishinda mimi?"

"Huo hapo. Chui ndiye bingwa."

"Bingwa nini, we mwanamke! Nilimvunja mimi! Kraa! Mara moja tu, na uboho nikanyonya!"

Nyati akainamisha pembe, akasimama kati ya Fisi na maji.

Hadithi yangu imekunywa maji, imelala. Funzo lake, watoto: waheshimuni wakubwa, wala msiwachungulie meno.