Injini ya Mzee Tadeo

Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname. Watu huitamka methali hii haraka, kana kwamba kuinama ni kazi ndogo. Si ndogo. Kitanda hakinyanyuki kwa heshima ya mtu, na kilichoingia mvunguni hakitoki chenyewe kwa sababu mwenye nyumba ana mvi. Mgongo ukiwa mgumu kama mpini wa jembe, kitu kitabaki huko na vumbi lake, na mwenye nyumba atabaki amesimama. Anselm, mkulima wa Nakwa pale Babati, alisimama hivyo mpaka akachoka.

Baba yake, Mzee Tadeo, alipokufa aliacha Landrova. Lilikuwa gari la zamani lenye injini ya silinda nane, alilouziwa na mapadri wa kigeni walipokuwa wanarudi kwao. Likipanda kutoka barabara ya Singida, watu wa sokoni waliusikia mngurumo wake wakasema, "Mzee huyo anakuja," kabla hata ya kuliona. Lilibeba mahindi ya Mutuka, maharusi wa Dareda, wagonjwa na majeneza. Mwishoni lilimbeba Mzee mwenyewe kwenda kuzikwa kwao Dareda. Aliyeliendesha siku hiyo alikuwa Damiani, mwanawe mdogo wa kiume, fundi mwenye gereji karibu na stendi.

Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo waligawa vitu. Gari wakampa Anselm kwa kuwa ndiye mkubwa. Damiani akasimama.

"Gari hili nimelishika tangu sijaota ndevu," alisema. "Kaka hajui hata oili inatiwa wapi."

Watu walicheka. Kicheko kile kilimwasha Anselm kama upupu. Akajibu mbele ya wote, "Basi mkono wako hautaligusa tena nikiwa hai."

Tangu siku ile Damiani aliacha kumwamkia kaka yake. Wakikutana sokoni, mdogo alitazama viatu vyake na kupita bila shikamoo. Mkubwa naye hawezi kutangulia kumwamkia mdogo wake. Basi walipishana kama bajaji mbili barabarani, kila mmoja na honi yake.

Gari nalo halikukaa sawa. Injini ilipoanza kugonga, Anselm alisema ni kokoto. Ilipotoa moshi, alisema ni baridi ya asubuhi. Siku moja katika mlima wa Dareda maji yalikwisha, injini ikachemka, ikatoa mlio kama wa chungu kinachopasuka, ikanyamaza. Lilirudishwa Nakwa kwa kuvutwa na trekta, likawekwa kando ya ghala. Kuku wakaanza kutagia kwenye kiti cha dereva.

Bibi Philomena, mama yao, aliwaangalia watoto wake wanavyopishana, akaliangalia na gari. Jioni moja akiwa anapukuchua mahindi, alimwita Anselm.

"Misa ya kumbukumbu ya baba yenu ni baada ya mavuno," alisema. "Gari hili litanipeleka Dareda siku hiyo. Lisipowaka, nawaita vijana wa chuma chakavu walikate."

"Mama! Hili ni gari la baba!"

"Nyinyi pia ni watoto wa baba. Nyinyi siwezi kuwakata. Nitakata kinachokatika."

Anselm alimjua mama yake. Akisema neno, ameshalipika na kulipakua. Usiku ule hakupata usingizi, na kulipokucha akaazima spana.

Hakwenda kwa Damiani. Alizunguka njia tatu ili asipite mbele ya gereji ile. Akaifungua injini mwenyewe, yeye ambaye maishani mwake alikuwa amefungua pampu ya baiskeli tu. Asubuhi alikuwa shambani kwake Mutuka akivuna mahindi, na alasiri alikuwa chini ya boneti. Mikono yake ilipasuka kwa majani ya mahindi, kisha mafuta yakaingia katika mipasuko. Aliposhika ugali ulikuwa na ladha ya mafuta ya taa.

Familia yake haikumtupa. Shemeji yake Egidius, kaka wa mkewe, alikuja na magogo na mnyororo, wakainyanyua injini kutoka kwenye gari. Mkewe Jovita, mama wa binti yake Scholastica, aliosha vyuma kwa mafuta ya taa mpaka kucha zake zikawa nyeusi. Bibi Philomena aliketi kigodani, akachambua nati na bolti katika ungo kama anayechambua maharage, nzima upande huu, mbovu upande ule. Hakumhurumia mtu.

"Fanyeni haraka," alikuwa akisema. "Wale vijana wamepita leo. Wameligonga gonga bodi, wakasema ni chuma kizuri."

Mwalimu wa Anselm alikuwa simu yake. Humo aliwaona vijana wa nchi za mbali wakifunga injini kama hiyo huku wanacheka, mikono yao safi, na kabla chai ya mtu haijapoa wamemaliza. Anselm aliwatazama kwa chuki, kisha akarudia kuwatazama.

Vipuri vipya vilitoka Arusha kwa basi, na kazi ya kufunga ikaanza. Katikati ya injini kuna chuma kirefu kinachozunguka, mafundi hukiita kranki. Kinashikwa kwa vifuniko vitano. Jovita alikuwa amevitandaza vifuniko hivyo juu ya gunia, kwa mpangilio ule ule vilivyotoka.

"Baba Scholastica, viache nilivyovipanga," alisema.

"Vina tofauti gani? Ni kama punje za gunzi moja."

Kwa kuwa jua lilikuwa linazama na mgongo unamuuma, Anselm alivikusanya vyote akavimwaga ndani ya karai moja la mafuta ya taa. Akavisugua pamoja, akavifunga kimoja kimoja kama kilivyokuja mkononi. Alipojaribu kuizungusha kranki kwa spana ndefu, haikusogea.

"Mbona imekaza?" Jovita aliuliza.

"Ina beringi mpya. Kitu kipya huwa kigumu. Itajilegeza yenyewe."

Jovita alimtazama, akafuta mikono kwenye kitenge.

Injini ikarudishwa ndani ya gari. Siku ya kuwasha, majirani walijaa uani kama wanasubiri harusi. Anselm aligeuza ufunguo. Kitu kikasema "tik", basi. Akageuza tena, "tik".

"Betri imechoka," alisema. "Tulivute."

Egidius alileta ng'ombe wake wanne wa kulimia, akafunga mnyororo. Anselm akaketi kwenye usukani, akaingiza gia. Ng'ombe walivuta mpaka macho yakawatoka. Gari lilisogea, lakini magurudumu ya nyuma hayakuzunguka hata kidogo. Yaliburuzwa yakachimba mifereji miwili uani, kutoka ghalani hadi kwenye migomba.

Kijana mmoja wa bodaboda alisimama barabarani. "Baba Scholastica! Huko unapanda maharage au viazi?"

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Egidius aliwafungua ng'ombe wake huku akiwapapasa shingo.

"Shemeji, nisamehe," alisema. "Hawa wamezoea kulima. Kuvuta kaburi hawawezi."

Watu walipoondoka Anselm alibaki ameketi kwenye usukani. Hakuwa na hasira. Hasira inahitaji nguvu, na yeye zilikuwa zimemwisha. Magoti yalimuuma, macho yalimchoma, na misa ilikuwa Jumamosi ile inayokuja. Jovita alikuja akaegemea mlango.

"Baba Scholastica, mimi nimechoka."

"Na mimi nimechoka."

"Hapana. Wewe umechoka kwa kazi. Mimi nimechoka kukutazama unazunguka mlima mzima kwa sababu hutaki kupita mlangoni kwa mdogo wako. Mama atalikata gari, unajua. Na likishakatwa, wewe na Damiani hamtakuwa na kitu cha kuwakutanisha tena mpaka mmoja wenu awekwe kwenye jeneza."

Anselm aligeukia uani. Aliitazama mifereji ile miwili. Ilikuwa imenyooka vizuri kuliko yote aliyowahi kulima.

Asubuhi hakwenda Mutuka. Alinawa, akavaa shati la kanisani, akashika njia ya stendi. Gereji ilikuwa imejaa. Mafundi walikuwa wamezunguka lori, Damiani katikati yao, mikono ndani ya injini. Mmoja akamgusa bega, "Bosi, kaka yako." Damiani aliinua macho, kisha akayarudisha kwenye injini kama kawaida yake. Hakusema shikamoo.

Anselm alisimama juani. Alijua angeweza kungoja salamu ile mpaka jioni na isije. Akasogea hatua moja mbele.

"Shikamoo, fundi," akasema.

Spana ya mtu ilianguka. Mama lishe aliyekuwa anamwagia kijana mmoja chai akaiacha ikafurika. Pale Babati mkubwa hamwamkii mdogo wake wa tumbo moja, labda akiwa amerukwa na akili.

Damiani alisimama wima. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Kaka, usinifanyie hivyo. Watu wanatazama."

"Waache watazame. Jana walinitazama nikivutwa na ng'ombe." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepanda mlima na gunia. "Nimekuja kwa fundi, Damiani. Ulisema sijui oili inatiwa wapi. Ilikuwa kweli. Sasa najua inatiwa wapi, lakini sijui mengine. Shikamoo."

"Hiyo shikamoo siwezi kuiitikia," Damiani alisema polepole. Alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu. "Nitakuja. Lakini gari sitaligusa. Ulisema mkono wangu hautaligusa ukiwa hai, na mimi sitaki ufe."

Fundi mmoja alicheka, Damiani akamkata jicho. Kisha ndugu wote wawili, bila kupenda, wakacheka kidogo puani, kama baba yao alivyokuwa akicheka.

Alipofika Nakwa Damiani alimsalimu mama yake, akamwamkia shemeji yake Jovita, akalizunguka gari mikono ikiwa nyuma. Aliitazama mifereji uani, akatikisa kichwa.

"Ulipata bahati ng'ombe wakashindwa. Wangeizungusha hiyo injini, ungekuwa umeisaga yote. Fungua bakuli la oili la chini."

"Kwa juu siwezi kuona?"

"Kwa juu utaona vumbi. Lala chini, uingie."

Anselm alilala chali udongoni na shati lake la kanisani, akaingia uvunguni mwa gari. Oili ilimdondokea shingoni. Bakuli lilipotoka aliviona vifuniko vyake vitano vikimtazama. Damiani alichuchumaa nje.

"Safisha kifuniko cha pili kwa kidole. Unaona nini?"

"Chuma."

"Sogea zaidi."

Anselm alijivuta mpaka pua yake ikakaribia kugusa. Chini ya kidole chake ilijitokeza alama ndogo iliyogongwa kwenye chuma.

"Namba," alisema. "Nne."

"Namba nne inafanya nini kwenye nafasi ya pili?"

Jovita, aliyekuwa ameshika ungo wa bolti, alikohoa.

"Kila kifuniko kilichongwa pamoja na kiti chake," Damiani alisema. "Hakikai kwa mwenzake. Ukikilazimisha kinaibana kranki, na hakuna kitakachozunguka. Wewe ulivimwaga pamoja, sivyo?"

"Mama Scholastica aliniambia nisifanye hivyo."

"Hukumsikiliza."

"Sikumsikiliza mtu."

Walifanya kazi siku ile na zilizofuata, Damiani akielekeza, Anselm akifanya. Alipokosea aliambiwa, "Toa. Rudia," kama mwanagenzi. Alitoa, akarudia. Mikono ilichoka kwa kuinuliwa juu, shingo ikakaza, na wakati mmoja alisinzia kule kule chini, spana kifuani, mpaka mama yake alipomgonga mguu kwa fimbo. Vifuniko viliporudi mahali pake, aliishika kranki, akaisukuma. Ikazunguka laini, kama mlango uliotiwa mafuta.

Alikaa chini ya gari kwa muda baada ya hapo. Waliokuwa nje walidhani amelala tena.

Asubuhi ya misa Bibi Philomena alitoka na kitenge chake kipya na rozari mkononi. Wale vijana wa chuma chakavu walikuwa wameegemea toroli lao barabarani, maana alikuwa amewaita kweli. Anselm alichomeka ufunguo. Kisha akauchomoa, akashuka, akamnyooshea mdogo wake.

"Washa wewe."

Damiani hakuupokea. "Na kiapo chako?"

"Kiapo kilinichosha kuliko injini. Kilichotoka mdomoni mwangu nakirudisha, mama shahidi. Shika."

Damiani aliutazama ufunguo ule kwenye kiganja cha kaka yake, kiganja kilichopasuka na kujaa weusi usiotoka tena kwa sabuni. Akaupokea kwa mikono miwili, magoti yakikunjwa kidogo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," alisema Anselm.

Ufunguo uligeuzwa. Injini ilikohoa, ikatema moshi, ikakohoa tena, halafu silinda zote nane zikashika kwa pamoja. Kuku walitawanyika. Mngurumo ulikwenda mpaka barabarani, na mzee mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli akasimama, akavua kofia. Vijana wa chuma chakavu waligeuza toroli lao. Bibi Philomena alilisogelea gari. Alifungua mlango wa mbele, akapangusa kinyesi cha kuku kwa upindo wa kitenge chake kipya, akaketi palipokuwa mahali pake siku zote.

Damiani aliendesha, Jovita akaketi nyuma. Walipopita sokoni watu waligeuka. Anselm hakuwaona. Alikuwa amelala kando ya mkewe, mdomo wazi, oili ikiwa bado nyuma ya sikio, mgongo wake uliokuwa mgumu miaka yote ile umekunjika kama wa mtoto. Jovita alitaka kumwamsha auone mlima wa Dareda.

"Mwache," alisema Bibi Philomena. "Alichokuwa anakitafuta amekwisha kukipata. Lakini na nyinyi mliobaki macho mlishike neno hili: ukitaka cha mvunguni, sharti uiname."