Farhani Mwamba Ngoma na Mtalawanda wa Sultani

Wamesimulia wapokezi wa habari za kale, nami sikuongeza ila chumvi ya kutosha mchuzi, kwamba katika mji wa Zarkani alitawala Sultani Dhulfikari bin Shamsi, mtu karimu, mnene, mpenda haluwa na mchukia kelele, na katika mji huo palikuwa na desturi mbili zisizokuwako kwingine. Ya kwanza, hukumu ya Sultani haikutiwa muhuri wala lakiri; alipokwisha kunena aliinua mguu wake wa kulia, uliovaa mtalawanda, kiatu cha mti wa mpingo chenye njumu za fedha, akaupiga sakafuni mara moja, ko, na neno likawa sheria. Ya pili, kila mtaa ulikuwa na ngoma yake, na mtu aliolewa na kuoa kwa ngoma ya mtaa wake: watu wa ikulu kwa udi wa nyuzi, askari wa langoni kwa zumari, wahunzi kwa msondo, na washona kofia kwa matari, wala hakuna aliyegusa ala ya mwenziwe.

Basi alikuwako kijana, Farhani bin Shekue, aliyerithi kwa babake kazi ya kuwamba ngoma. Na mwamba ngoma hana mtaa, huitwa popote ngozi inapopasuka, na akisha kuiwamba hana budi aijaribu. Farhani kuwamba alimaliza upesi, ila kujaribu kulimchukua kutwa nzima, na ala zilizokuwa karibu nazo hazikusalimika. Alipotimiza miaka ishirini alipiga udi wazee wakafuta machozi, akapuliza zumari farasi wakainua masikio, na alipogonga msondo wahunzi walikosa chuma wakagonga vidole vyao.

Kila alasiri alikwenda kwenye tanuri bovu la chokaa, nje ya ukuta wa mji, na humo akazioanisha ngoma alizoziokota mitaani, akiweka mwendo wa msondo chini ya sauti ya udi, na zumari ikiuliza na matari yakijibu. Ulikuwako wimbo mmoja alioutunga mwaka mzima, akaupenda kuliko nyimbo zake zote, lakini haukuwa na mwisho. Kila alipofika kwenye kona ya mwisho vidole vilikosa pa kwenda, akarudi mwanzo.

Habari zikamfikia Mwenye Hatimu, Shaha wa Ngoma, mkuu wa wapigaji wote wa Zarkani, mzee mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na moyo usiochanika. Akamshitaki kijana barazani, akasema, "Maulana, mshika mawili moja humponyoka, na huyu kashika manne. Leo anachanganya ngoma, kesho watoto wetu hawatajua walizaliwa mtaa gani."

Sultani, aliyekuwa na njaa, akahukumu kwamba Farhani achague ngoma moja na aape kwayo Ijumaa mbele ya watu, asiguse nyingine mpaka kufa kwake. Akikataa, ala zake zichomwe naye atoke mjini. Farhani akasimama pale kama mzazi aliyeambiwa achague mtoto mmoja wa kumlisha. Sultani akainua mguu, akaupiga, ko.

Na mguu haukunyamaza.

Ko, ko-ko, ko. Sultani akaushika kwa mikono miwili, ukapiga. Waziri akaukalia, ukamrusha mpaka kilemba kikamfunguka. Siku tatu Maulana alikula akipiga, akalala akipiga, na msikitini safu ya mbele ikapoteza hesabu ya rakaa. Haluwa yenyewe ilimshinda, maana kila akiinua kipande kilimdondoka.

Ndipo akaitwa Mwana Zaituni, fundi wa pepo, mwanamke kijana aliyeachiwa kazi na bibi yake pamoja na chetezo na ulimi usioogopa mtu. Akafukiza ubani, akautazama ule mguu, akacheka kidogo, kisha akasema, "Maulana, ndani humu mna jini, naye si mbaya. Kila jini ana ngoma yake, na asipopigiwa hiyo hapandi, hataji jina lake wala hashuki. Tumtafutie."

Wakaja mabingwa wa mitaa minne, na kwa kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, kila mmoja aliapa kuwa jini huyo ni wa kwao. Wa zumari akapuliza, mguu ukamfuata hatua chache kisha ukamwacha. Wa msondo naye aliachwa, na wa matari vilevile. Shaha mwenyewe akaushika udi, mguu ukamsikiliza kwa adabu, kisha ukashika njia yake. Alhamisi asubuhi Mwana Zaituni aliwaambia kwamba kila mmoja amepata kipande na hakuna aliyepata nguo nzima, na kwamba mjini yuko mtu mmoja anayezijua zote nne, naye ndiye waliyemfunga mikono. Shaha akapinga kwa maneno mengi. Sultani, ambaye goti lake lilikuwa limevimba, akaamuru huyo mtu aletwe hata kama hupiga masufuria.

Farhani akaja, moyoni akijua kwamba kesho ndiyo Ijumaa. Hakupiga kitu. Aliomba ruhusa, akaketi chini ya kiti cha enzi, akatega sikio karibu na mtalawanda, na baada ya muda akautambua mwendo ule. Ulikuwa wimbo wake, wimbo wa tanurini, nao ukifika kwenye kona ya mwisho ulijikwaa ukarudi mwanzo. Akaogopa sana, kwa sababu kuupiga ni kukiri kosa mbele ya aliyemhukumu. Akamnong'oneza Mwana Zaituni yote.

"Basi jini hakukosa ngoma," Zaituni akamjibu. "Amekosa mwisho. Upige, nami niko hapa."

Kijana akaomba mabingwa wote wanne waketi pamoja, jambo ambalo Zarkani haikupata kuliona, na walipokunja nyuso Sultani aliwatazama, wakaketi. Akashika mwenyewe msondo wa pili, akawapa kila mmoja mahali pake pa kuingia na pa kunyamaza, na wimbo ukaondoka, na mtalawanda ukaondoka nao sawasawa, na watumishi wakaanza kutikisa mabega wakiwa na sinia mikononi. Wakafika kwenye kona. Wimbo ukajikwaa, mguu ukajikwaa, na katika kimya kile Farhani aliona vidole vya Shaha vikienda peke yake juu ya nyuzi, bila kuzigusa.

Akaweka chini mkwiro wa kupigia msondo, akamwendea mzee, akapiga magoti. "Bwana Shaha, baba yangu, mimi mwisho sina. Nimeutafuta mwaka mzima, na naona unao wewe. Kama kuchanganya ni kosa, niandikiwe mimi. Wewe nipe huo mwisho."

Mwenye Hatimu akauweka sawa udi wake. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba mama yake alikuwa mshona kofia, na alimalizia nyimbo zake hivyo akiwa na matari mapajani, kabla mwanawe hajachukuliwa ikulu akafundishwa kuuonea haya mtaa wake. Akapiga. Sauti ya matari ikatoka ndani ya udi, wimbo ukakata kona na kutulia, na mguu wa Sultani ukatua sakafuni.

Ukatoka moshi wa kijani katika mtalawanda, ukawa jini mrefu mwenye bangili masikioni, anacheza na kulia kwa furaha. Akasema, "Mimi ni Sarsari. Baba yangu ni wa milimani, mama wa jangwani, nami nililelewa baharini, na kila ngoma ikilia huambiwa nikae, si yangu. Wanadamu husema mcheza kwao hutuzwa. Mimi kwetu sikuwa nako. Siku moja nilipita tanuri la chokaa, mguu wangu ukacheza wenyewe. Mlipomkataza huyu, nikaingia katika mguu uliomkataza." Akavua pete ya akiki, akamvika Farhani, akaapa kumtumikia na kumpeleka popote penye ngoma asiyoijua.

Lakini sheria ilikuwa ingalipo, na kuivunja kulitaka mtalawanda. Sultani akanena kwamba hukumu imefutwa, akainua mguu, akausitisha hewani, jasho likimtoka. Akaupiga. Ko. Watu wakangoja. Mguu ukatulia, na sheria ikafa. Sultani akautazama kwa muda kama mtu aliyeondokewa na mgeni, akatabasamu, akapiga tena, ko, ko-ko, ko, safari hii kwa hiari yake.

Farhani akamwoa Mwana Zaituni, na mitaa minne ikagombania kumpigia, hata wakapiga wote pamoja. Sarsari akampeleka Hindi na Uajemi na Uchina, naye Farhani akirudi kila Ijumaa na wimbo mpya, na Shaha alikuwa wa kwanza kumngoja langoni, udi kwapani. Nyumba ya Farhani ikajaa mali na wageni. Na wazee wa Zarkani hata leo wakimwona mtoto hatulii na ngoma moja hawamkemei, humsogezea ya pili, maana ni kweli mcheza kwao hutuzwa, ila kwa mtu mmoja, kwao huenda kukawa kwingi.