Fremu ya Bi Sikudhani

Kaeni vizuri, na mwenye mdomo mrefu auweke tayari, maana leo mimi nasimulia, kuamua mtaamua nyie.

Bi Sikudhani alikuwa na wapangaji watatu, kila mmoja na chake. Asteria, fundi cherehani, alikuwa na macho: mshono uliopinda anauona angali mlangoni. Mama Hija, muuza vitumbua, alikuwa na mdomo. Akikuomba kitu utampa, kisha utamshukuru. Mkude, fundi mwashi, alikuwa na mikono. Huyo hata salamu aliitoa kwa shida.

Bi Sikudhani mwenyewe alikuwa mgeni wa mambo ya kupangisha. Maisha yake yote alipikia wanafunzi, na alipostaafu akachukua kiinua mgongo chote akanunua nyumba ile chini ya mlima. Tena akainunua kiangazi, ardhi kavu kabisa, bila kuuliza jirani hata mmoja! Nyumba hukaguliwa masika, jamani, viatu vikiwa na tope. Yeye hakuwa na wa kumwambia.

Shemeji yake Kibwana alipopata habari, akaja na mnunuzi kabisa.

"Shemeji, umeuziwa njia ya maji. Uza mapema. Mambo ya wapangaji si ya mwanamke mjane."

Bi Sikudhani aliogopa, kwani hakuwa na kingine duniani. Lakini hasira ikaipita hofu.

"Siuzi! Masika haya maji yakiingia ndani, lete karatasi nitie dole gumba. Yasipoingia, usinitajie tena." Akawageukia wapangaji uani. "Na atakayeiokoa nyumba hii, fremu ya mbele ni yake, mwaka mzima bila kodi!"

Fremu ile ni chumba cha duka, inatazama barabara. Nani asiyeitaka?

Asteria akaizunguka nyumba. Nyuma, chini ya chokaa, akaona mstari hafifu wa tope. Akaufuata mpaka uani kwa jirani. "Maji yalikuwa yanapita hapa," akasema. "Mzee Lukwele kauziba mfereji kwa ukuta wake."

Sasa mzee yule alishawafukuza wenyeviti wa mtaa kwa habari ya ukuta huohuo. Mama Hija akaenda na vitumbua, akakaa barazani, akamsikiliza akilalamikia goti lake asubuhi nzima. Ukuta hakuutaja. Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Mwisho mzee akasema mwenyewe, "Haya, toboeni, lakini mpapai wangu msiuguse."

Mkude akatoboa. Akachimba, akajengea mfereji mawe, jua lake, mvua za kwanza zake. Mpapai hakuugusa.

Masika yakaja kwa kishindo. Bi Sikudhani akafunga khanga kiunoni, akasimama mlangoni kuyatazama maji yakishuka mlimani na kupita ubavuni mwa nyumba. Ndani halikuingia tone. Kibwana akafika na karatasi yake.

"Kafungie karanga," Bi Sikudhani akamwambia.

Lakini uani kulikuwa kumeshawaka moto.

"Bila macho yangu mngechimba wapi?" Asteria akauliza.

"Ungeona mpaka uchoke," Mama Hija akamjibu. "Ukuta wa watu ungeugusa?"

Mkude naye, kwa mara ya kwanza, akapaza sauti. "Hayo maji yamezuiwa na maneno?"

Kibwana akacheka. "Si nilikwambia? Fremu moja tu inakushinda!"

"Hainishindi! Nimeahidi, natoa, na natoa leo, wewe ukiwa hapohapo."

Akauchomoa ufunguo kwenye pindo la khanga. Akawatazama mmoja mmoja, ufunguo asiuachie, maana wote watatu aliwapenda, na atakayekosa angeweza kufunga virago.

Msiniambie wagawane, mwenyewe aliahidi kumpa mtu mmoja. Msiniambie aghairi, yule mama haghairi ng'o, sembuse mbele ya Kibwana. Ufunguo uko mkononi na shemeji anangoja kucheka. Je, wewe ungempa nani?